Neno Kwenye Ubavu wa Mashua

Mliotoka zamu, poleni na kazi. Mnaojiandaa kuingia, kazi njema. Na wewe uliyesimama kando ya barabara ya Moi South Lake ukingojea basi la shamba huku redio iko sikioni, jongea kidogo. Leo sina siasa wala bei ya unga. Nina neno moja tu, na wala si mimi niliyelitafuta. Nililetewa.

Lililetwa na fundi wa rangi wa hapa Karagita. Hata kama yeye hamumjui, mkono wake mnaujua. Vile vichwa vilivyonyolewa panki kwenye kibanda cha kinyozi, yule kuku mwekundu kwenye duka la chakula cha mifugo, na yale maandishi meusi dukani yanayosema leo hakuna deni, njoo kesho: vyote ni vyake. Jumanne usiku alinitumia ujumbe. Nausoma kama alivyouandika: "Mwalimu, kuna mzee ameniletea mashua niiandike jina. Nimeuliza hadi wa bodaboda, hakuna anayelijua. Saramandi ni nani?"

Nilicheka, lakini nilijicheka mwenyewe. Sisi tuliolelewa kwa Gĩkũyũ, d yetu haitoki nyumbani bila kusindikizwa na n. Dawa huwa ndawa, dada huwa ndanda. Kwa hiyo nilipoona Saramandi nilijua kuna n imedandia safari isiyo yake. Lakini nikiitoa hiyo n, nabaki na nini?

Jumamosi nikateremka ufukweni. Kwa wale wanaotusikiliza kutoka mbali, Karagita ina bahati ambayo vijiji vingi vya kando ya Ziwa Naivasha havina, nayo ni njia ya wazi ya umma ya kufikia maji. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imeshikwa na mashamba ya maua, hoteli na nyumba za wenye nazo, nasi wengine tunapenya palipoachwa. Unashuka na vumbi lako, unapita wanaokaanga samaki, unapita watoto wanaochota maji, unafika. Hata huo ufuko si ule wa zamani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza vibanda na bustani, na ile migunga ya manjano iliyozama bado inasimama majini mikavu, mnandi wamekaa juu yake kama watu wanaosubiri mshahara.

Mashua ilikuwa imeegeshwa juu ya mawe, ubavu mmoja umeshapakwa rangi ya samawati. Fundi kanipa karatasi. Imeandikwa kwa herufi kubwa, mkono wa mtu aliyesoma chuoni kabla ya kusoma shuleni: SARMADI.

Mwenyewe akaja. Mzee wa Lamu, aliyefika bara akiwa dereva wa lori na hakurudi tena. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamuuliza jina hili kalitoa wapi.

"Kwa bibi yangu," akasema. "Kila ukimpa maji ya kunywa, alikuombea: Mola akupe siha sarmadi."

"Na ulijua maana yake?"

"Mtoto hujua maana ya dua? Hujua kuitikia amina."

Fundi akaingilia kati, kwa sababu yeye biashara yake ni nyingine. "Mwalimu, mimi nalipwa kwa herufi. Kama hili neno lina makosa, nikishaliandika si nitaambiwa nirudie bure?"

Basi, wasikilizaji, nikaenda kulitafuta, na yale niliyoyaokota ndiyo mazungumzo ya leo.

Kwanza, bibi wa Lamu hakukosea. Sarmadi ni neno la Kiswahili, limo kwenye kamusi zetu, na kamusi hulimaliza kwa pumzi moja: daima, milele. Kisha mwandishi wa kamusi anageuza ukurasa. Hapo ndipo mimi hukorofishana na kamusi. Ukiniambia sarmadi ni milele, umenipa jina la jirani yake, lakini yeye mwenyewe hujanionyesha.

Maana umilele katika Kiswahili ni mtaa mzima. Milele ndiye mkubwa wa mtaa, yumo kwenye sala, kwenye nyimbo za arusi, hata redio moja nchini mwetu imejiita hivyo. Daima, dawamu na kudumu ni ndugu wa tumbo moja, wametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Ndiyo maana ukisema daima dawamu umemwita mtu na kaka yake. Huyo kudumu ndiye tuliyemtia serikalini tukawa na "katibu wa kudumu" wizarani, mpaka Katiba ya mwaka 2010 ikamwondoa. Kumbe naye alikuwa wa muda.

Kuna aushi, ambaye asili yake ni neno la Kiarabu la kuishi. Huyu Mkenya yeyote aliyefanya mtihani wa darasa la nane anamfahamu, kwa sababu kati ya mwaka 1985, KCPE ilipoanza, na 2023 ilipofungwa, sidhani kuna insha ya ajali ya barabarani iliyoandikwa bila "katika aushi yangu". Tulimpenda aushi kwa sababu mwalimu alimpenda. Baada ya mtihani hatukumtembelea tena.

Halafu kuna abadi na azali, hawa ni pacha waliopeana migongo. Azali hutazama nyuma, ni umilele usio na mwanzo. Abadi hutazama mbele, ni umilele usio na mwisho. Wanazuoni wa Kiislamu waliwahitaji wote wawili ili kumzungumzia Mungu sawasawa. Lakini tazama Waswahili walivyomfanya abadi. Wamemchukua katika umbo lake la abadan, wakamtia katika ugomvi. Unamwambia mtu nikopeshe elfu moja, anakujibu "abadan!" Neno lililobeba umilele wote wa mbele sasa kazi yake ni kumnyima mtu shilingi elfu. Na ukifikiri, hesabu ni sahihi. Mtu akikukatalia leo, kesho na siku zote zijazo, hiyo "hapana" yake ndiyo yenye umilele.

Sasa sarmadi. Kiarabu chake ni sarmad, nasi tukamwekea i mwishoni kama tulivyowawekea abadi na azali, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie mdomo umefungwa. Az-Zamakhshari, mfasiri mkubwa wa Qur'ani aliyefariki mwaka 1144, alilifungua neno hili na kusema kwamba m iliyo katikati ni ya kuongezwa. Ukiitoa, unabaki na sard. Yaani yeye na m yake ni kama mimi na n ya fundi wangu, kila mmoja anatafuta herufi iliyodandia.

Na sard ni nini? Ni kufuatana bila kukatika. Mfano anaoutoa ni wa miezi minne mitukufu ya Kiislamu. Mitatu ni sard: Mfungo Pili, Mfungo Tatu na Muharram, inafuatana bega kwa bega. Wa nne, Rajabu, uko peke yake huko mbali. Kwa hiyo sard haikuambii urefu. Miezi mitatu si mirefu. Inakuambia kwamba baina ya huu na ule hapana pengo.

Neno hilohilo sard liko katika Sura iitwayo Saba, aya ya 11, pale Nabii Daudi anapofundishwa kutengeneza deraya, ile nguo ya vita ya pete za chuma. Sard pale ni kule kuzishikamanisha pete, hii ndani ya ile, kwa kipimo. Mfikirie mhunzi anayefanya hivyo. Akiruka pete moja tu, mkuki unajua pa kupita. Na Waarabu wa leo wanaosoma fasihi wakisema sard wanakusudia usimulizi, kwa sababu hadithi nayo ni tukio kushika mkono wa tukio. Kwa maana hiyo hata mimi hapa studioni, kama sitakohoa, niko katika sard.

Basi hiyo ndiyo tofauti ambayo kamusi ilinificha. Milele ni habari ya urefu. Sarmadi ni habari ya kutokatika. Bibi wa Lamu hakuwa akimwombea mjukuu aishi miaka elfu. Alimwombea afya isiyo na pengo, isiyopishana na homa, leo mzima kesho kitandani. Mwanamke aliyelea watoto zama za malaria bila dawa anajua anachokiomba.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo lilinishtua. Katika Qur'ani nzima sarmad limetajwa mara mbili tu, na mara zote mbili ni katika Sura ya Qasas, aya ya 71 na ya 72. Ungetarajia liwe linaeleza pepo, au uzima. Sivyo. Katika aya ya kwanza watu wanaulizwa, kama usiku ungefanywa sarmadi juu yao hadi Siku ya Kiyama, nani angewaletea mwanga? Katika ya pili swali linageuzwa, kama mchana ndio ungefanywa sarmadi, nani angewaletea usiku wa kupumzika? Hakuna baraka yoyote hapo. Neno limeletwa kama kitu cha kutisha. Na wala hakikutajwa kitu kibaya. Usiku si mbaya, mchana si mbaya. Kinachotisha ni kwamba haviachiani zamu.

Niliposoma hayo nikachungulia dirishani. Ilikuwa yapata saa nne usiku, na kule upande wa mashamba vivungulio, au grinihausi kama tunavyoziita, vilikuwa vimewaka taa. Mgeni akipita barabara hii usiku hudhani ni mji. Wengi wetu tunaolala na mwanga huo ukutani hatujui ni wa nini, tunadhani watu wako zamu. Mara nyingi hamna mtu. Taa ni za mimea.

Lichukue krisanthemumu. Na nimelichagua makusudi, kwa sababu ni ua lililoacha jina lake kwetu bila sisi kujua. Mnashuka kila siku pale DCK, na makanga wanaita "DCK! DCK!", lakini wangapi wanajua kwamba hizo ni herufi za kampuni ya Wadenmarki, Dansk Chrysanthemum Kultur, iliyoingia katika kilimo cha maua nchini mwishoni mwa miaka ya 1960? Kampuni ilikwenda, ua lenyewe likapishwa na waridi, herufi zikabaki kuwa stendi.

Sasa krisanthemumu lina tabia moja. Halichanui mpaka lipate usiku mrefu. Na wataalamu wa mimea wamekwisha kuthibitisha kwamba mmea huo hauhesabu mchana, unahesabu giza. Na giza lenyewe lazima liwe la mfululizo. Hapa kwetu karibu na ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili, unatosha kabisa. Lakini ukiwasha taa katikati ya usiku, hata kwa saa chache, mmea unaona nusu mbili za usiku, kila nusu fupi, nao unaahirisha kuchanua. Wakulima wanaokuza mimea mama ya krisanthemumu kwa ajili ya vipandikizi hufanya hivyo usiku baada ya usiku. Mmea mama unabaki kijana, unatoa machipukizi, unakatwa, unatoa mengine. Haujawahi kuona giza lililokamilika, kwa hiyo haujawahi kutoa ua. Kuna maua mengine yaliyo kinyume, kama haiperikamu, hayo yanawashiwa taa ndipo yachanue, nisije nikapigiwa simu na mabwana shamba. Lakini ule mmea mama umenikaa rohoni. Umepewa ujana sarmadi, na gharama yake ni kutochanua.

Jirani yangu mmoja, mama anayefanya kazi katika kivungulio, nilipomweleza hayo aliniuliza, "Kwa hiyo huo mmea ni kama sisi?" Nikamwambia sijasema hivyo. Akasema, "Mimi ndiye nimesema."

Alikuwa na maana yake, nayo inaturudisha kwenye sard. Hapa Karagita neno la umilele linalotajwa kuliko yote si milele wala daima. Ni pamanenti. Fulani amepata pamanenti. Yule hamwezi kumtikisa, yeye ni pamanenti. Na kinyume chake ni kibarua, neno ambalo nalo lina hadithi. Kibarua ni barua ndogo. Pwani na Zanzibar katika karne ya 19 mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha siku yake, na karatasi ikampa mtu jina lake. Umekuwa kibarua, yaani umekuwa kile kikaratasi ulichokishika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Usiku mmoja na mchana mmoja. Lakini kifungu cha 37 cha sheria hiyo kina mlango. Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi, na haki za mwajiriwa wa mwezi zinamfuata. Lisikilizeni vizuri hilo neno: mfululizo. Ni sard yenyewe, imevaa suti ya wakili. Haiulizi umefanya kazi miaka mingapi, inauliza kama siku zako zimeshikana.

Nanyi mnajua pengo huwekwa wapi. Sitataja kampuni, wala sina ya kutaja, kwa sababu tabia hii haina mwenyewe. Msimu wa Februari unakuja, dunia inataka waridi, watu wanaitwa getini. Siku ya akina mama inapita, oda zinapungua, mtu anaambiwa apumzike kidogo, ataitwa. Anaitwa. Anaanza upya siku ya kwanza. Yule mama jirani yangu amekata waridi misimu mingi, lakini ukimwomba aonyeshe miaka yake, anakuonyesha vipande. Pete anazo nyingi, ila hakuna deraya.

Na kitu anachokikata kinakwenda kuuzwa kwa jina gani? Hapo mimi hushindwa kujizuia kucheka. Waridi likikatwa alfajiri, linatiwa majini, linaingizwa chumba cha baridi, linapimwa urefu wa shina, linafungwa, linapakiwa lori lenye baridi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, linaruka usiku kwenda Uholanzi. Watu wa maua huita safari hiyo mnyororo wa baridi, na onyo lao kwa madereva ni lilelile la mhunzi: usikatike. Lori likizima mashine ya baridi mchana wa jua pale Mai Mahiu au Limuru, ua halitanyauka leo, litanyaukia Ulaya mezani siku mbili kabla ya wakati, na hakuna atakayejua pete gani iliruka. Likifika salama linaishi wiki moja, likitunzwa wiki mbili. Na kadi iliyofungwa shinani imeandikwa, kwa lugha yoyote ya huko, nitakupenda milele.

Siku hizi kuna hata waridi linalonyweshwa gliserini mahali pa utomvu wake, likakaa mwaka na zaidi bila kudondosha jani. Wanaliuza kama waridi la milele. Nimelishika moja. Laini, zuri, halina harufu. Nilimrudishia mwenyewe.

Washairi wetu watanisamehe, lakini nadhani wao ndio waliolifanya sarmadi lisife. Si kwa sababu ya falsafa. Ni kwa sababu ya kina. Mtu anatunga shairi la mapenzi, ameanza na waridi, ana beti kumi mbele yake na kila mshororo unadai di. Atatumia ahadi, atatumia baridi, atatumia Saidi kama yupo. Akifika ubeti wa saba anagonga mlango wa sarmadi. Maneno mengi adimu ya Kiswahili yanaishi hivyo, kama mgeni anayeitwa tu sahani zikipungua watu.

Jumapili nilitembea Karagita makusudi na masikio wazi. Vipaza sauti vya makanisa yetu mnavijua, havigombani kwa fikra, vinagombana kwa sauti. Ndani ya dakika kumi nilipita umilele wa namna tatu. Kanisa la kwanza walisema tene na tene. Kwa wasiojua Gĩkũyũ, tene ni zamani, ni kale. Kwa hiyo milele yetu ni "kale na kale". Kibanda cha mabati kilichofuata, Wajaluo, nikasikia nyaka chieng', ambalo ukilifungua lina jua ndani yake, yaani mpaka jua, maadamu jua lipo. La tatu ni Kiswahili: milele na milele. Na ningevuka Busia nikaingia Uganda ningesikia emirembe n'emirembe, zama baada ya zama, na huko neno hilohilo la zama ndilo la amani.

Hiyo tene na tene inanirudisha kwa Mjerumani mmoja, Karl Roehl, mmisionari aliyetoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937. Roehl alikuwa na vita na maneno ya Kiarabu, alitaka Kiswahili kiwe cha Kibantu kitupu. Mahali pa uzima wa milele yeye aliandika uzima wa kale na kale. Watu hawakumfuata sana, na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ikashika mimbari. Lakini Mkikuyu akiisoma hiyo kale na kale hashangai hata kidogo. Ni tene na tene imevaa kanzu. John Mbiti, mwana wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wakati wake hurudi nyuma, hutoka Sasa ukaenda kukusanyika katika Zamani, na alitumia maneno hayohayo mawili ya Kiswahili. Wanafalsafa wengi wa Kiafrika walimpinga, na mimi sikubali yote. Nyanya yangu alipanda miparachichi akiwa na miaka sabini, sasa huyo alikuwa akitazama wapi? Lakini kwamba lugha zetu kadhaa zilipotafuta neno la kisichokwisha zilikwenda kulichota nyuma, kwenye kale, hilo sikio langu limelithibitisha Jumapili.

Kuna jambo moja la mwisho la kitabuni, kisha nimrudie fundi wangu maana ameshika brashi ananingoja. Kule Isfahan, Uajemi, aliishi mwanafalsafa aitwaye Mir Damad, akafa mwaka 1631. Yeye aliyapanga maneno matatu ngazi kwa ngazi. Vitu vinavyogeuka, vikikutana na vinavyogeuka, hapo ni zamani. Kisichogeuka kikikutana na vinavyogeuka, hapo ni dahari. Kisichogeuka kwa kisichogeuka, hapo ndipo sarmadi. Nilipoyaona niliduwaa, kwa sababu yote matatu tunayo katika Kiswahili. Zamani tumelishusha likawa ni habari ya babu zetu. Dahari limezeeka, linatoka mara chache likiwa na mkongojo. Sarmadi likaishia katika dua ya bibi mmoja wa Lamu, na kutoka hapo, kwa njia ya lori, likafika Karagita.

Basi jana jioni nikashuka tena ufukweni na majibu yangu. Nikamwambia fundi: andika kama mzee alivyoandika. Herufi saba, hazina n.

Akazihesabu kwa kidole hewani. "Saba. Saramandi ingekuwa tisa." Alionekana mtu aliyepoteza kitu.

Mzee akauliza nimegundua nini. Nikamweleza habari ya pete za deraya, kwamba neno lake halisemi urefu, linasema kutokatika. Akalisikiliza lote akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza na habari ya usiku usioachia mchana zamu. Hapo akatikisa kichwa akasema, "Hiyo ndiyo iliyokuwa Ramadhani ya barabarani, kuendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba. Hujui umelala lini." Kisha akanyamaza, akamwangalia fundi akianza S.

Fundi ana mkono mzuri. S ikatoka kama shingo ya korongo. Alipofika R akauliza, bila kugeuka, rangi hii itakaa muda gani kabla maji hayajaila, maana maji ya ziwa hili hayana simile, na mashua inaburutwa mchangani kila siku.

"Mwaka," mzee akasema. "Pengine usitimie."

"Halafu?"

"Halafu utakuja uandike tena. Na mwaka ujao tena. Mashua haiwezi kukaa bila jina."

Fundi akaishusha brashi, akanigeukia kwa mara ya kwanza jioni ile akiwa anacheka. "Mwalimu, umesikia? Nimepata pamanenti."